Nduba Wawili wa Kalunsanda

Mimi ni Edith, fundi wa kushona. Atelier yangu ya kushonea iko Kenya, mtaa wa mjini kwetu, si ile nchi, nyuma ya soko, mlango wa bluu. Ukipotea, uliza "Mama Edith Mukali", watakuonyesha. Jina hilo silikatai. Fundi wa nguo za harusi akiwa mpole, mabibi harusi watampanda kichwani. Masista walinifundisha Kiswahili cha vitabu na ninakiweza vizuri sana, ila nikikasirika kinatoroka chenyewe, nabaki na kile cha hapa kwetu, ambamo "ndiyo" ni "njo", "kwa ajili ya" ni "ju ya", "mkaa" ni "makala" na "watu" ni "bantu". Mtanivumilia.

Nimezaliwa Kalunsanda. Unafuata njia ya Kinsevere, unaacha migodi nyuma, unaendelea mpaka usahau kwamba kuna lami duniani. Ni kijiji kidogo, lakini kina mfumu wake, chefu wa mila, na mfumu huyo ni Mwape, mdogo wangu, tumbo moja. Na mfumu wa Kalunsanda anajulikana kwa kitu kimoja: nyoya jekundu la nduba kwenye kofia yake.

Kama hujamwona nduba, pole sana, umeishi nusu. Mwili wake una rangi ya zambarau iliyoiva, mdomo wa njano, na kichwani ana kishungi chekundu kama kadinali wa Roma. Akiwa ametulia tawini utasema huyu ni ndege tu mwenye majivuno. Subiri aruke. Akifungua mabawa, ndani mote ni nyekundu, nyekundu ya kukufanya useme "Mawe!" hata kama uko katikati ya misa. Anakaa kwenye mushitu, ule msitu wa majimaji unaozunguka chemchemi, unaobaki kijani hata kiangazi kikikausha kila kitu. Kalunsanda tuna mushitu mmoja. Maji tunayokunywa yanatoka humo.

Nyoya la mfumu halichumwi. Ukimuua nduba, hata kwa bahati mbaya, unafunga mizigo yako na kuhama. Nyoya linaokotwa chini, ndege mwenyewe akiliacha. Na kila mwaka, baridi ikiisha, mfumu anatoka mbele ya watu na nyoya jipya kofiani, wanawake wanapiga vigelegele, na kila mtu anarudi kwake akijua kwamba nchi ina mwenyewe.

Sasa. Mwaka huu Estelle alikuja kushonewa gauni la harusi. Estelle ni msichana wa mtaa wa Bel-Air, wazazi wake ni Wakasai, watu wa biashara na wa shule. Kaka zake wamesomea sheria na udaktari, yeye amesomea ndege. Baba yake mpaka leo anawaambia watu kwamba binti yake yuko "mu mambo ya mazingira", kwa sababu neno ndege linamkwama kooni. Mimi nampenda huyo msichana. Anasimama wima wakati wa kupimwa, hasogei.

Nilikuwa nyuma yake nabana kiuno kwa pini, akasema, "Mama Edith, weye ni muntu wa Kalunsanda, apana?"

"Njo kwetu. Mudogo wangu njo mfumu."

"Donc munaachilia mushitu yenu ikatwe?"

Pini ikamwingia. Alipiga kelele, na mimi nikapiga kelele kumshinda. "Ikatwe na nani?"

Akanieleza hapohapo, gauni likiwa limefungwa nusu. Kuna kampuni moja, si zile kubwa mnazozijua, ni nyingine iliyofika juzi tu, inataka kupitisha barabara ya malori katikati ya mushitu wetu. Kabla ya kukata ni lazima kufanya uchunguzi wa miti na wanyama, na ofisi inayofanya uchunguzi huo ilimchukua Estelle kwa upande wa ndege. Akaenda Kalunsanda, akatembea asubuhi baada ya asubuhi, akasikia nduba mara chache mno. Kisha wakubwa wake wakakusanya wanakijiji na kuwauliza. Kila mdomo ukajibu vilevile: nduba ni wengi!

"Balisema mingi, mama. Mingi sana! Na mfumu mwenyewe akasimama mbele ya bote akasema: 'Hapa tunaikalaka na nduba sawa kuku.' Njo bale bakubwa bangu bakaandika: abondant, ni kusema mingi."

"Sawa kuku," nikasema.

"Na tena mu dunia muzima ile ndege haina matata. Kuko bantu banapangaka ndege zote za dunia: hii inaisha, hii iko karibu kuisha, hii haina shida. Nduba iko pa hii haina shida. Banaitaka préoccupation mineure. Maana yake haitie sana wasiwasi."

"Ndege ya mfumu? Haitie wasiwasi?"

"Mama, sikia. Kule Zambia iko, Angola iko, mpaka Uganda iko. Beye banahesabu dunia, habahesabu Kalunsanda. Mais huku pembeni ya mujini, mushitu zinaisha, ju ya makala, ju ya mashamba. Nduba ya kwenu ikifukuzwa pale, haina fasi ya kuenda. Haipendake kuvuka kiwanja."

Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini kwa usalama wa watu wote. Nikauliza, "Na mu ile rapport banaiita namna gani, ndege yetu?"

"Touraco de Lady Ross."

"Njo nani huyo?"

"Mama mumoja muzungu wa zamani."

"Alifikaka Kalunsanda?"

"Sizani, mama."

"Basi muzuri! Ndege ya mfumu iko na jina ya mama mwenye hatumuyue, na haitie wasiwasi! Na bantu ba kwetu banapiga makofi!" Hapo Kiswahili cha masista kilikuwa kimeshafika mji wa Likasi kwa miguu.

Estelle akanishika mkono. Akaniambia kitu ambacho sikukijua, mimi niliyezaliwa chini ya ndege huyo. "Mama Edith, ile nyekundu ya mabawa yake, unayua ni nini? Ni shaba. Mu ile rangi yenyewe muko cuivre, ya kweli, sawa ile banachimbaka. Ndege zingine nyekundu haziko vile."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Mji huu umezaliwa na shaba. Baba wa majirani zangu wote waliizeekea, wengine chini kule, wengine kwenye reli ya kuisafirisha. Milima imegeuzwa mashimo kwa ajili yake, na kila siku naona malori yakiibeba kwenda mbali ambako sitafika. Na kumbe kwetu Kalunsanda kuna ndege anaivaa tu, bure, tangu kabla ya reli. Niliona fahari mpaka kifua kikauma. Halafu nikakumbuka barabara.

"Tufanye nini?" nikauliza.

"Neno la mfumu, mfumu mwenyewe tu njo anaweza kulirudisha. Jumamosi kuko réunion, kwa salle ya paroisse, kwetu Bel-Air. Muntu wa serikali atakuwa pale. Mfumu akisema mbele yake kama nduba imebakia kidogo, kufuatana na masharti ya projet yabo beye benyewe, barabara itazunguka. Akisema tena iko mingi, bulldozer inaingia."

Hapa nielezee, maana mtu wa mbali anaweza kudhani watu wetu ni waongo. Kwetu, mgeni akiuliza kama nduba wapo, hajauliza habari ya ndege. Ameuliza kama mfumu yupo, kama wazee waliolala chini bado wanamtambua. Utamjibu nini? Utasema "wamebaki kidogo" na mfumu wako ameketi pale anakusikia? Unasema wengi. Jirani yako anasema wengi zaidi, asionekane ana heshima ndogo kuliko wewe. Na mfumu naye, akisikia sifa zimepanda hivyo, atazishusha vipi? Ndipo tulipofika kwenye kuku.

Kesho yake nilifunga atelier nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikafika Kalunsanda nikiwa mwekundu wa vumbi toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Mwape nilimkuta mbele ya nyumba yake, amevaa maillot, jezi ya mpira ya Mazembe, na kofia ya jua, anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Usicheke. Mfumu wa siku hizi anajitengenezea baiskeli.

"Yaya! Karibu. Hata kutuma neno?" Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Neno gani? Weye ulituma la kwako mpaka Bel-Air! Nduba iko sawa kuku!"

Alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. Nilimwambia yote aliyoniambia Estelle, bila kukaa, bila kunywa maji. Barabara ya malori alikuwa anaijua. Walichokuwa hawajamwambia ni kwamba neno lake ndilo lililoifungulia njia. Alipolisikia hilo aliweka spana chini taratibu.

"Jumamosi utasema kweli," nikasema.

"Yaya, weye unakalaka mu mujini. Kule mukubwa anasema hivi leo, kesho anasema vingine, na bantu banampigia tu makofi. Huku mfumu iko na neno moja. Nikilirudisha mbele ya bantu, kesho nikiamua palabre ya shamba, nani atanisikia?"

"Na mushitu ikikatwa, utakuwa mfumu wa nini? Wa barabara?"

"Nikisema nduba inaisha, bataniuliza: inaisha mu mikono ya nani?" Sauti yake ilishuka. "Bantu ba makala balianza kukata pembeni, mi niliona. Nilinyamaza, ju batoto babo banakula na ile makala. Mjomba aliniachia mushitu imejaa ndege. Mi njo nitakuwa mfumu mwenye alimaliza nduba. Unataka nikaseme vile mbele ya microphone?"

Mimi mambo yakinizidi, mikono inatafuta kazi. Niliingia ndani, nikashusha kofia ya ufalme kutoka kwenye msumari. Rangi ya lile nyoya ilikuwa bado inawaka, lakini nondo walikuwa wamelila ubavu mmoja, na shina lilikuwa limevunjika na kuunganishwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Uzi wa samaki! Na mishono yenyewe, Mungu wangu, mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angelia.

Nikatoka nayo nje. "Nani alishona hii?"

"Mi mwenyewe."

"Inaonekana."

Akarudi kwenye mnyororo wake.

"Mwape, hii ni manyoya ya mjomba?"

"Njo hiyo."

Mjomba, mfumu aliyemtangulia, alikufa miaka mingi iliyopita. Kumbe kila mwaka mdogo wangu alikuwa anatoka mbele ya watu na nyoya la marehemu, na watu wanapiga vigelegele, na kila mmoja anaona, na hakuna anayesema. Hasira ikaniishia miguuni. Nikamwona kama alivyokuwa mtoto, alipovunja chungu cha mama akakikalia siku nzima kisionekane.

"Kuya," akasema, akanipungia mkono nimfuate.

Tuliingia mushitu pamoja. Pembeni kulikuwa na visiki na majivu ya tanuri za makala, lakini katikati bado palikuwa baridi na giza zuri, na maji yanasikika chini ya majani. Tulikaa kwenye mzizi wa mkuyu. Tulikaa sana. Nilikuwa nataka kusema kitu, Mwape akaniwekea kidole mdomoni. Ndipo wakaanza juu yetu, kelele nzito za kukoroma na kupayuka kama wazee wanaogombea hadithi moja. Dume akakimbia juu ya tawi, jike nyuma yake. Wakaruka kwenda mti wa pili. Mabawa yakafunguka.

Nilisema "Mawe!" Sikuweza kujizuia.

"Unaona?" Mwape alikuwa anatabasamu kama vile amewazaa yeye.

"Unayua ile nyekundu ni nini? Ni shaba. Estelle njo aliniambia. Ni shaba ya kweli."

Aligeuka akaniangalia, akadhani namtania. Nikarudia. Akatazama tena juu. "Shaba," akasema, "na hakuna muntu aliichimba."

"Na zingine ziko wapi?"

"Zingine?"

"Mwape, nduba iko ngapi?"

"Unaiona yote, Yaya. Ni hii mbili. Hakuna ingine."

Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti, mama mzima kwenye mzizi wa mti. Nilipomaliza nikamwuliza kama Jumamosi atasema. Akasimama, akanishika mkono nivuke maji.

"Rudia mu mujini, Yaya. Kuko kanzu ya harusi inakungoya."

Basi niliondoka hivyo, bila kujua.

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa. Kampuni ilileta watu wa Kalunsanda kwa camion, lori lake, ikawagawia Fanta baridi, nao walikuwa wamevaa nguo za Pasaka. Mezani alikaa bwana Anaclet, mtu wa serikali ya jimbo, ambaye ndiye angeamua. Karibu naye Franck, msemaji wa kampuni, kijana mwenye adabu na suti iliyoshonwa vizuri, hilo lazima nilikubali. Mwishoni kabisa Estelle, anatafuna kalamu. Mwape aliketi mbele na joho lake na kofia yake, na kando yake Papa Émile, mshauri mkubwa wa kijiji, mzee ambaye hajawahi kukosea salamu maishani mwake.

Franck alieleza barabara: itapita wapi, italeta kazi gani. Kisha akainamisha kichwa kwa heshima upande wetu. "Na kama vile chefu mwenyewe alitushuhudia, nduba, ile ndege ya mila yenu, iko mingi sana pale Kalunsanda."

Watu wetu wakapiga makofi! Nawaapia. Waliipigia makofi barabara ikipita juu ya chemchemi yao, kwa sababu jina la nduba limetajwa na sifa. Mama mmoja alisimama kabisa. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikafunga macho.

Bwana Anaclet akauliza, "Chefu, unahakikisha?"

Mwape alisimama. Akatazama watu wake. Papa Émile akamnong'oneza, na ukumbi wote ukasikia, "Sema, Mfumu. Sema iko mingi."

Mwape akavua kofia.

Mfumu wetu havui kofia mbele ya watu. Hata kanisani havui, padri alishazoea. Nilisikia wanawake wa Kalunsanda wakivuta pumzi kwa pamoja. Alikuwa na kipara kidogo katikati ya kichwa, mimi mwenyewe sikukijua.

"Bwana," akasema, "neno nilisemaka, nililisema na mudomo ya kiburi. Leo ninalirudisha. Mu mushitu yetu nduba imebakia mbili. Mbili, dume na muke yake. Hii manyoya munaona hapa ni ya mjomba wangu, marehemu. Nduba haijaniachia hata moja tangu nimeikalia hii kiti. Bantu balikata pembeni ya mushitu, na mi niliona, na nilinyamaza."

Papa Émile aliruka juu. "Mwape! Unatuvulia nguo mbele ya bantu!" Hakumwita Mfumu. Alimwita kwa jina tupu, kama mtu anayemwita mvulana wa kuchunga mbuzi.

"Papa, nguo ilipasukaka zamani," Mwape akajibu. "Yaya yangu ni fundi, aliiona."

Franck alikuwa amesimama pia. "Mais, chef, ulisema mbele ya bote kama—"

"Nilisema. Na sasa ninarudisha. Amende ya kurudisha neno nitailipa kwa bantu bangu, mila yetu ninaiyua. Mais mushitu, apana." Akageuka akatazama ukumbi wote, watu wa Bel-Air, watu wa serikali, madereva wa camion mlangoni. "Sisi bote humu ni batoto ba shaba. Baba zetu balifia mu shaba. Ile ndege iko na shaba mu mabawa yake, haikuchimbwa na muntu, haikuyeyushwa na moto. Mungu njo aliiweka. Iko pale mbele yetu sisi bote. Haitatoka pale ju ya lori."

Sijui niseme nini juu ya sauti yake. Ilikuwa inatetemeka, na ilikuwa kubwa.

Bwana Anaclet akamgeukia Estelle. Msichana wangu akasimama wima, kama kwenye kipimo. Alisema matembezi yake yanakubaliana na neno la chefu. Alisema duniani nduba hana shida, na ni kweli, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini Kalunsanda si dunia nzima, na pale Kalunsanda nduba yuko karibu kwisha, na wale wawili wakienda hawatarudi wengine, kwa sababu hakuna tena msitu wa kuwaleta.

"Uchunguzi urudiliwe," bwana Anaclet akasema. "Kwa hiyo fasi muandike: mu hatari. Na barabara izunguke."

Franck alishusha pumzi, akakunja ramani yake, akasema kuna njia ya zamani ya carrière, ya machimbo ya mawe, ndefu kidogo, lakini inapitika. Basi. Imekwisha. Nilipiga vigelegele vyangu vyote, vilipanda mpaka kwenye bati, vikashuka peke yavyo. Hakuna hata mmoja wa Kalunsanda aliyenijibu. Walitoka nje wakitazama chini, chupa za Fanta mikononi.

Kwenye camion ya kurudi tulipanda pamoja, kwa kuwa ilikuwa inapita Kenya. Mwape alikaa kwenye benchi na kofia yake magotini. Kulia kwake nafasi wazi, kushoto kwake nafasi wazi, na watu wamebanana kwingine kama hakuna mahali. Papa Émile alikuwa amempa mgongo. Nilikaa karibu naye mimi, nikamwangalia kila mmoja aliyethubutu kuinua macho. Mushitu wenu umepona, nilitaka kuwaambia, mtakunywa maji yake mpaka wajukuu. Lakini walikuwa kama watu wanaotoka mazishini.

Pale Kenya camion ilisimama, nikashuka, na Mwape akashuka nyuma yangu ili anipe mkoba wangu. Jumamosi mchana, mnajua Kenya inavyokuwa: moto zinapiga honi, muziki wa makanisa unagombana na muziki wa bar, mama wanaouza majani ya sombe wanaita. Aliinama karibu na sikio langu.

"Yaya," akasema. "Niko mfumu bado?"

Lazima mjue jambo moja. Kalunsanda kila mtu anampigia mfumu magoti na kupiga makofi ya heshima, wazee na watoto. Kila mtu isipokuwa mimi. Mimi nilimbeba huyo mgongoni, nilimpangusa makamasi, nilimchapa. Siku anavishwa ufalme nilitangaza mbele ya wazee wote kwamba mutoto nilimubeba mugongo simupigie magoti, hata Papa wa Roma aniombe. Mwape alicheka akaniruhusu. Kijiji chote kinaijua habari hiyo, na miaka yote sikuvunja neno langu.

Niliweka mkoba chini. Nikakunja pagne yangu, kitenge cha wax, kipya, nikapiga magoti yote mawili kwenye vumbi la Kenya. Nikakutanisha viganja, nikapiga makofi kama tulivyofundishwa na bibi, polepole, kichwa chini.

"Mfumu wangu," nikasema.

Moto ikanikwepa. Dereva akapiga kelele, "Mama, kuko nini pale? Njo nani huyo?"

"Simama ushuke umusalimie!" nikajibu bila kuinuka. "Njo mfumu wa Kalunsanda! Iko na nduba mbili, na yote mbili ni ya kweli!"

Nyuma yangu nilisikia mtu anashuka kwenye camion, taratibu, kwa mguu wa kizee. Papa Émile akapiga magoti kando yangu. Hakunitazama. Akaanza makofi, na makofi yake yakaingia kwenye yangu, halafu kutoka juu ya camion wanawake wakaanza, halafu vigelegele, na mama wa sombe, ambao hawajui lolote, wakavipokea. Mwape alisimama pale kichwa wazi, jua likimpiga kwenye kipara chake, anatazama mbele. Na mimi nilibaki pale chini, wala sikuwa na haraka ya kuinuka.